Kuchagua mfumo wa kufungua mlango kwa simu katika jengo la biashara: mwongozo kamili

Mgeni anafika mlangoni, anatafuta jina la ofisi kwenye paneli, anabonyeza namba, na simu inaita ghorofani au mfukoni mwa mtu aliye nje ya jengo kabisa. Anayepokea anauliza ni nani, anaridhika, anabonyeza 9, kitasa kinalia na mlango unafunguka. Kazi yenyewe ni hiyo tu. Hakuna waya wa kupitisha hadi kila chumba wala kifaa cha kuning'iniza ukutani kwa kila mpangaji, kwa sababu simu ambazo watu wanazo tayari ndizo zinazotumika. Kwa jengo lenye wapangaji wanaohamahama hii ni nafuu kubwa: mpangaji akiondoka unabadilisha namba, hutoboi ukuta.

Wanunuzi wengi huanza kwa kuangalia paneli: kioo cha kugusa, kamera, chuma kinachong'aa. Mimi naona paneli ndiyo ya mwisho kuchagua. Kinachoamua kama mfumo utadumu ni vitu vinne visivyoonekana kwenye picha ya tangazo: kufuli lililopo mlangoni, mahali ilipokaa rilei (swichi ndogo ya umeme) inayolifungua, laini inayobeba simu, na mtu atakayebadilisha majina na namba fundi akishaondoka. Hatua zilizo hapa chini zinafuata mpangilio huo.

Hatua ya 1: Andika nani anaingia, saa ngapi, na nani anapokea

Kabla hujampigia muuzaji yeyote, simama mlangoni asubuhi, mchana na jioni, uandike unachokiona. Wafanyakazi wanaingia kwa ufunguo, kadi au namba ya siri? Wageni wasio na miadi ni wengi kiasi gani? Mizigo inaletwa saa ngapi, na dereva anafunguliwa na nani? Wafanya usafi wanakuja ofisi zikiwa zimeshafungwa? Mlinzi wa usiku anatumia simu gani?

Majibu haya yanabadilisha kila kitu. Jengo lenye mtu wa mapokezi muda wote wa kazi linahitaji mfumo huu kwa ajili ya jioni na mwisho wa wiki tu, na paneli ndogo inalitosha. Jengo la ofisi ndogo ndogo zisizo na mapokezi ya pamoja linahitaji orodha ya majina, ratiba ya kila ofisi, na simu inayohamia kwa mtu wa pili wa kwanza asipopokea. Kliniki iliyo ghorofa ya kwanza itataka mlango uwe wazi saa za wagonjwa. Wakili aliye juu yake hatataka kusikia habari hiyo. Mgongano wa namna hiyo umalizwe mezani, paneli ikiwa bado dukani.

Hesabu pia milango: mlango mkuu, geti la maegesho, mlango wa nyuma wa mizigo, lifti. Paneli nyingi huja na rilei moja au mbili, yaani zinafungua mlango mmoja au miwili bila kuongezewa kifaa. Ukitaka 9 ifungue mlango wa mbele na 6 ifungue geti, liandike hilo kwenye mahitaji tangu mwanzo.

Hatua ya 2: Kagua mlango, kisha chagua kufuli

Mfumo wa simu hausukumi mlango. Unalipelekea au unalikatia kufuli umeme kwa sekunde chache, basi. Kama mlango umelegea kwenye bawaba, au ule mkono wa juu unaourudisha haufikishi mwisho, paneli ya bei yoyote haitausaidia. Fungua mlango nusu, uachie, usikilize kama ulimi wa kitasa unaingia wenyewe. Fungua tena upana wa kidole tu, uachie. Rudia madirisha yakiwa wazi, maana upepo unaopita ndani ya jengo huuzuia mlango kufunga kuliko watu wanavyodhani. Ukigoma, tengeneza mlango kwanza.

Kufuli lina njia mbili zinazotumika sana. Ya kwanza ni kukitoa kile kipande cha kwenye fremu kinachopokea ulimi wa kitasa na kuweka cha umeme. Kikipata amri kinalegea, mlango unasukumika, na kitasa chenyewe kinabaki kama kilivyokuwa; aliye ndani anatoka kwa kuzungusha mkono kama siku zote. Ya pili ni kufuli la sumaku: sumaku-umeme juu ya fremu, bamba la chuma kwenye mlango. Yale ya milango ya ofisi kwa kawaida hushika kwa nguvu ya takriban kilo 270 au 545, ambazo kwenye katalogi utaziona kama pauni 600 au 1,200. Halina kitu kinachosogea, kwa hiyo halichakai haraka, na linaufaa mlango wa kioo usio na kitasa. Lakini linakula umeme muda wote mlango ukiwa umefungwa, na umeme ukikatika mlango uko wazi.

Mlango ukiruhusu, mimi nachagua cha kwenye fremu. Aliye ndani anatoka kwa mkono wake, hategemei kitufe, waya wala programu.

Umeme ukikatika, mlango uwe wazi au ubaki umefungwa? Kipande cha kwenye fremu kinapatikana kwa namna zote mbili; sumaku haina chaguo, hufunguka tu. Kwa upande wa nje unaweza kutaka mlango ubaki umefungwa ili wezi wasisubiri umeme ukatike. Kwa upande wa ndani hakuna mjadala: mtu atoke bila ufunguo, bila kadi, bila kumpigia mtu simu. Ukiweka sumaku, kitufe cha kutokea kikate umeme wake moja kwa moja, waya kwa waya, kisipitie kwenye kompyuta. King'ora cha moto kikilia, umeme huo ukatike wenyewe. Viwango kama NFPA 101 cha Marekani, na EN 179 na EN 1125 vya Ulaya, vinagusa milango ya kutokea, ila mwenye neno la mwisho ni mkaguzi wa zimamoto wa eneo lilipo jengo. Mwonyeshe mchoro kabla hujanunua, maana akija baada ya kufunga na akakataa, utalipa mara mbili.

Hatua ya 3: Rilei ikae ndani

Hapa ndipo penye udhaifu mkubwa kuliko pote, na muuzaji hatalitaja usipouliza.

Rilei ni swichi ndogo inayogeuka paneli inapoamriwa kufungua. Katika paneli nyingi imo ndani ya paneli yenyewe, maana yake iko nje, upande wa barabara. Nyaya mbili za kufuli zinaishia nyuma ya kile kibao cha chuma. Mtu mwenye bisibisi anafungua skrubu, anaivuta paneli mbele kidogo, anatafuta nyaya zilizokazwa kwenye vituo vilivyoandikwa NO na COM, anazigusanisha ncha, na mlango unafunguka. Hajapiga simu wala kuvunja kioo, na kwenye kumbukumbu za mfumo hakuna chochote kilichoandikwa. Penye kufuli la sumaku ni rahisi zaidi: anakata waya mmoja tu.

Dawa yake ni rilei ya pembeni. Hiki ni kisanduku kidogo kinachofungwa ndani ya jengo, juu ya dari au kwenye kabati la umeme, na paneli inakitumia amri iliyosimbwa. Anayeivunja paneli anakuta waya wa mawasiliano tu, na kuugusanisha hakumfungulii mtu. Watengenezaji wengi wanacho, wengine hukiuza kama nyongeza. Kwa mlango wa jengo la biashara mimi sikihesabu kuwa nyongeza. Kotesheni isiyokuwa nacho haijakamilika. Ongeza swichi ndogo inayopiga kelele paneli ikibanduliwa ukutani, na skrubu zisizofunguka kwa bisibisi la kawaida.

Jambo dogo kwa fundi: makufuli haya yana koili, na koili inapokatiwa umeme hurudisha mshtuko wa volti nyingi unaounguza midomo ya rilei taratibu. Kwa kufuli la umeme wa moja kwa moja, diodi kama 1N4007 ikiwekwa kinyume kwenye vituo vya kufuli inalimaliza tatizo. Bei yake haitaonekana hata kwenye jumla ya gharama, lakini mara nyingi husahaulika, na miezi kadhaa baadaye rilei inang'ang'ania.

Hatua ya 4: Chagua laini itakayobeba simu

Ukikosea hapa, paneli nzima inageuka pambo la ukutani.

Laini ya shaba ya zamani, ile ya nyaya mbili, ndiyo mifumo hii ilizaliwa nayo. Ni rahisi, na hupata umeme wake kutoka kwa kampuni ya simu, hivyo iliendelea kufanya kazi hata jengo likiwa giza. Tatizo ni kwamba inaondolewa. Uingereza imepanga kuizima kabisa kufikia Januari 2027, na nchi nyingine ziko kwenye njia hiyo hiyo au zimeshamaliza. Kama jengo lako bado linayo, usinunue paneli inayoijua hiyo tu. Ipo adapta ya kuiunganisha paneli ya zamani na intaneti, na inafaa kuokoa kifaa ambacho bado ni kizima, ila kumbuka kuwa adapta na ruta sasa zinategemea umeme wa jengo. Ile faida ya zamani imekwenda.

Paneli yenye laini ya simu ya mkononi inafaa sana geti lililo mbali na jengo, mahali ambapo kuchimba mtaro wa kebo ni ghali kuliko kifaa chenyewe. Uliza modemu yake inatumia kizazi gani cha mtandao. Kampuni kubwa za simu za Marekani zilizima 3G mwaka 2022, Australia ikamaliza mwaka 2024, na mageti yenye modemu za zamani yakanyamaza. Taka ya 4G inayopiga simu za sauti kwa VoLTE, yaani sauti ikipita kwenye 4G yenyewe, kwa sababu kuna vifaa vyenye 4G ya data ambavyo simu zikipigwa hurudi kwenye mtandao wa zamani. Kabla ya kulipa, simama pale paneli itakapokaa na simu yako ya kawaida ya mtandao huohuo, mlango wa chuma ukiwa umefungwa, upige. Ukisikia sauti inakatika, paneli nayo itaisikia hivyo, labda uweke antena ya nje. Laini iwe ya mkataba kama inawezekana. Ya malipo ya awali salio likiisha Ijumaa usiku, wageni watabisha kwa ngumi hadi Jumatatu.

Baadhi ya vifaa hivi vina njia ya kufungua kwa kubipu: unaipigia paneli kutoka namba iliyosajiliwa, inakata bila kupokea na kufungua geti. Ni tamu kwa sababu haikugharimu kitu. Lakini kinachoaminiwa pale ni namba inayoonekana, na namba inayoonekana inaweza kughushiwa. Kwa kizuizi cha maegesho sina ubishi nayo. Mlango wa jengo usiufungue hivyo.

Njia ya tatu ni mtandao wa kompyuta wa jengo, kwa itifaki ya SIP, ambayo kiwango chake kikuu, RFC 3261, kilitolewa mwaka 2002 na bado ndicho lugha ya pamoja ya simu za ofisini. Paneli inakuwa kama simu ya mezani nyingine: inapata namba ya ndani, inapiga ofisi yoyote, na ofisi ikifungwa simu inaelekezwa kwenye simu ya mkononi. Kebo moja inabeba sauti, picha na umeme. Kwa IEEE 802.3af, kiwango cha kupitisha umeme kwenye kebo ya mtandao, swichi ya mtandao hutoa wati 15.4 na kifaa kikapata takriban 12.95, paneli yenye kioo kikubwa na kipasha joto inaweza kuhitaji 802.3at, inayofikisha wati 25.5 kwenye kifaa. Angalia swichi yako inatoa ipi. Kumbuka pia ukomo wa mita 100 kwa kebo ya mtandao, na kwamba waya huo unafika nje ya jengo: paneli itengewe mtandao wake peke yake, ili atakayeibandua asijikute ndani ya kompyuta za wahasibu.

Ya nne ni huduma ya mtandaoni: mgeni anapiga, simu ya mpangaji inaonyesha video kupitia programu, na majina unayabadilisha kwenye kivinjari ukiwa popote. Ndiyo inayouzwa kwa nguvu siku hizi, na kusema kweli inapendeza. Muulize muuzaji maswali matatu, uyapate majibu kwa maandishi. Intaneti ikikatika, kadi na namba za siri bado zinafungua? Tukiacha kulipa ada, kifaa kinaendelea kufanya nini? Mpangaji asiyetaka kuweka programu, anaweza kupigiwa simu ya kawaida? Akijikunakuna kwenye lolote kati ya hayo, unauziwa mbuzi kwenye gunia.

Jengo lenye mtandao mzuri na simu za SIP tayari lichukue njia ya tatu, huku laini ya mkononi ikiwa akiba. Jengo lisilo na mtu wa teknolojia ya habari, lenye wapangaji wanaobadilika kila mara, litafaidika na ya nne, mradi majibu ya hayo maswali yawe mazuri.

Hatua ya 5: Ijaribu toni

Unapobonyeza 9 simu haitumi neno "fungua". Inatuma toni mbili kwa pamoja, hezi 852 na hezi 1477, kwa utaratibu ambao kampuni ya Bell ya Marekani iliuingiza sokoni mwaka 1963. Paneli inasikiliza toni hizo na kugeuza rilei. Ukijua hilo utaelewa matatizo karibu yote ya mifumo hii.

La kwanza: toni hupotea njiani. Mtandao unaobana sauti ili kuokoa nafasi, kwa mfano kwa kodeki (njia ya kusimba sauti) ya G.729, huivuruga toni hadi paneli isiitambue. Mpangaji anabonyeza 9, 9, 9, mgeni anasikia milio kwenye spika, mlango haujali. Kwa mifumo ya SIP suluhisho ni kuituma tarakimu kama ujumbe wa pembeni kwa utaratibu wa RFC 4733, au kutumia kodeki ya G.711 isiyobana hivyo. Paneli na mtambo wa simu vipangwe sawa, kisha ujaribu kutoka kila mtandao wa simu ambao wapangaji wanautumia, mmoja mmoja.

La pili ni la usalama. Simama mlangoni, pigia ofisi moja, na mwenzako akishapokea wewe icheze toni ya 9 kutoka kwenye simu yako karibu na kipaza sauti cha paneli. Mlango ukifunguka, kifaa hicho kinasikiliza toni hata kutoka upande wa mgeni. Kikatae, au fundi akirekebishe mbele yako. Rudia jaribio simu ikipokelewa na mashine ya ujumbe wa sauti. Kuna wapangaji wajanja huirekodi toni ya 9 kwenye salamu za mashine hiyo ili mlango ujifungue wenyewe wakiwa hawapo. Ni marufuku ya kuandikwa kwenye kanuni za jengo.

La tatu, hasa kwa laini za shaba: aliyepigiwa akikata, mgeni anaweza kubaki na mlio wa laini huru kwenye spika. Kama vitufe vya paneli vinakubali, atapiga simu ya ng'ambo kwa gharama yako. Paneli nzuri hukata laini yenyewe na kuzuia kupiga namba yoyote isiyo kwenye orodha.

Tarakimu ya kufungulia nayo ibadilishwe ikiwezekana. Kila mtu anajua 9.

Hatua ya 6: Umeme na nyaya

Hesabu hii ifanye mwenyewe kwa kikokotoo cha simu. Waya wa shaba wa milimita 0.5 za mraba una ukinzani wa takriban ohmu 35 kwa kilomita. Kufuli la volti 12 linalovuta nusu ampea likiwa mita 50 kutoka kwenye usambazaji wa umeme, umeme unakwenda na kurudi mita 100, yaani ohmu 3.5. Nusu ampea mara 3.5 ni volti 1.75 zinazopotelea njiani, na kufuli linabaki na 10.25. Mchana wa majaribio linafunguka. Siku upepo umesukuma mlango au betri imeshuka, halifunguki. Ukitumia waya wa milimita 1.5 unapoteza kama 0.6 tu. Tofauti ya bei ya waya ni ndogo mno ukilinganisha na fundi kurudi kupasua dari.

Kufuli lipewe usambazaji wake, lisinyonye kwenye paneli. Betri ya akiba ya volti 12 na ampea-saa 7 ikibeba mzigo wa ampea 0.8 ingepaswa kudumu saa nane na ushee kwa hesabu ya darasani. Panga kwa pungufu ya hapo, na uandike kwenye kalenda kuibadilisha, maana betri za risasi na asidi za aina hii huchoka ndani ya miaka mitatu hadi mitano. Swichi ya mtandao na ruta nazo ziwe kwenye akiba. Betri inayolinda paneli huku ruta imezimika haina kazi.

Hatua ya 7: Sasa paneli

Sehemu hii ni fupi, kwa kuwa mengi yameshaamuliwa. Mahali panapopigwa na mvua taka IP65, kipimo cha kuzuia vumbi na maji. Penye paa la kutosha IP54 inakubalika. Penye watu wa kugonga na kupiga teke, taka IK10, ambayo hupimwa kwa pigo la joule 20. Vitufe vya chuma huishi kuliko kioo cha kugusa, na hubonyezeka kwa mikono yenye maji au glavu. Kioo nacho kina uzuri wake pale majina yanapokuwa mengi na kuyatafuta kwa vishale kunachosha.

Kimo kimfikie aliye kwenye kiti cha magurudumu. Kanuni za Marekani zinaweka ukomo wa inchi 48, yaani kama sentimita 122, kwa kitu cha kufikiwa kwa mkono. Chini kidogo ya hapo ni bora. Vitufe viwe na alama za kupapasa, paneli iwe na taa inayoonyesha simu inaita na mlango umefunguka kwa asiyesikia vizuri, na sauti ijaribiwe saa ya kelele za barabarani, si Jumapili asubuhi.

Kamera ikiwepo, itazame inakoangalia. Mlango unaoelekea jua la jioni huleta uso mweusi kwenye skrini. Kamera inayosawazisha mwanga na kivuli inasaidia, kivuli cha kawaida juu ya paneli kinasaidia zaidi.

Kadi na namba za siri za wafanyakazi kwa kawaida hukaa kwenye paneli hiyohiyo. Kadi za zamani za kilohezi 125 hunakiliwa kwa kifaa cha bei rahisi, hivyo taka za megahezi 13.56 zenye usimbaji, kama DESFire. Kisomeo cha nje kikiunganishwa kwa Wiegand, utaratibu wa zamani wa mawasiliano, data inapita wazi kwenye waya. OSDP, utaratibu mpya zaidi, ndiyo yenye ulinzi. Namba ya siri moja ya jengo zima ikishafika kwa madereva wa mizigo, si siri tena. Kila ofisi iwe na yake, na ya wafanya usafi ifanye kazi saa zao tu.

Hatua ya 8: Amua nani atauendesha

Fundi akiondoka, mfumo unaanza kuoza polepole kupitia orodha ya namba. Mfanyakazi ameacha kazi, namba yake binafsi bado imo. Mpangaji amebadilisha laini na hakusema. Hili la pili lina hatari watu wasiyoifikiria: kampuni za simu huigawa upya namba iliyoachwa. Baada ya muda, anayepokea kengele ya ofisi yako ni mtu msiyemjua, naye akibonyeza 9 mlango utamtii.

Kwa hiyo mteue mtu mmoja mwenye jina na msaidizi wake. Kila mpangaji asaini fomu ya namba mbili za kupokelea, za ofisi kuliko za mtu, na orodha ipitiwe kila robo mwaka kwa kupiga kila namba. Waambie pia waihifadhi namba ya paneli kwenye simu zao, kwani simu nyingi za kisasa hunyamazisha namba zisizojulikana, na malalamiko ya "paneli haipigi" mara nyingi huishia hapo. Kwenye skrini liwepo jina la biashara na namba ya kupiga. Majina ya watu na namba zao za simu zisionekane na kila apitaye.

Nenosiri la kiwandani libadilishwe siku ya kwanza. Mwaka 2025 mtafiti wa usalama alionyesha kuwa majengo kadhaa ya Marekani na Kanada yalikuwa na mifumo ya milango inayoingilika kupitia intaneti kwa nenosiri lilelile lililoandikwa kwenye kitabu cha maelekezo. Ukurasa wa usimamizi usiachwe wazi intanetini kabisa. Kumbukumbu za nani kaingia saa ngapi, pamoja na picha, ni taarifa za watu: amua zitahifadhiwa siku ngapi, nani anaziona, na kama sheria ya data ya nchi inadai bango mlangoni.

Hatua ya 9: Kotesheni na makabidhiano

Taka kotesheni tatu kwa orodha moja ya mahitaji uliyoiandika, ili ulinganishe kitu na kitu. Kila moja itenganishe vifaa, kazi ya ufundi, waya, na ada za kila mwezi, kisha ujumlishe miaka mitano. Paneli ya bei nafuu yenye ada kwa kila mtumiaji huwa ghali kimya kimya. Uliza spea zinapatikana kwa muda gani, masasisho ya programu yanatolewa kwa miaka mingapi, na kama fundi mwingine anaweza kuuhudumia mfumo au umefungiwa kwa kampuni moja.

Siku ya makabidhiano usiridhike na onyesho la mlango kufunguka mara moja. Zima umeme mkuu uone mlango unafanya nini. Chomoa intaneti, ujaribu kadi na namba ya siri. Liza king'ora cha moto mhusika wake akiwepo, mlango uachie. Toka kwa ndani taa zikiwa zimezimwa. Piga ofisi mbili kwa wakati mmoja. Rudia lile jaribio la toni. Acha mlango wazi dakika mbili, uone kama kuna anayeambiwa.

Kiasi cha malipo kibaki mkononi mwako hadi upokee vitu hivi: mchoro wa nyaya ulivyofungwa kweli na si ulivyopangwa, nenosiri la msimamizi likiwa kwenye akaunti ya jengo na si ya fundi, nakala ya mipangilio kwenye faili, na laini ya simu au usajili ukiwa umeandikwa kwa jina la mmiliki wa jengo.